Masharti si Sheria, Wala si Vigezo: Uhakiki wa Istilahi za Ramani za Mtandaoni

Katika miaka ya karibuni tumeona desturi mpya ikienea miongoni mwa walimu, watumishi wa umma, wafanyabiashara wadogo na hata wanafunzi. Kila mwenye tovuti yake hupenda kuweka ramani ndani yake. Mwalimu huwaonyesha wazazi njia ya kufika shuleni. Mwenye nyumba ya kulala wageni huonyesha umbali wa kutoka kituo cha basi. Mtafiti huonyesha vijiji alivyovitembelea. Jambo hili ni jema, na hatuna nia ya kulilaumu. Lakini ramani hizo, kwa sehemu kubwa, si mali ya wale wanaoziweka. Hutoka kwa makampuni na kwa vikundi vya watu waliokubali zitumike kwa masharti. Masharti hayo huandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha hufasiriwa kwa Kiswahili, au husimuliwa kwa Kiswahili na mtu anayemwelekeza mwenziwe. Kiswahili hicho ndicho tunachokusudia kukihakiki hapa.

Hoja yetu ni moja. Aghalabu mtu mwema huvunja masharti ya ramani si kwa kuwa ni mwizi, bali kwa sababu maneno aliyopewa hayatenganishi mambo ambayo mkataba wenyewe unayatenganisha. Pale ambapo mkataba una vitu vitatu, tafsiri ina kimoja. Na pale ambapo mkataba una kitu kimoja, tafsiri imezaa viwili. Kosa la kwanza humchanganya msomaji, na la pili humchosha. Hayo yote ni makosa ya istilahi, na kwa hiyo ni makosa yetu sisi tunaoshughulika na lugha kabla hayajawa makosa ya mtumiaji.

Ili tusizungumze hewani, natuchukue mfano mmoja utakaotufikisha mwisho. Mwalimu wa jiografia wa shule ya sekondari amejitengenezea tovuti. Anataka kuweka ramani mbili: ya kwanza ionyeshe shule ilipo, na ya pili ionyeshe bonde la Mto Msimbazi, Dar es Salaam, kwa ajili ya somo la mafuriko. Hana fedha za kununua ramani, wala hana nia ya kumdhulumu mtu. Anafungua Google Maps, halafu anafungua OpenStreetMap, na kote kuwili anaambiwa kwamba kuna masharti. Sasa tutazame anaambiwa kwa maneno gani.

1. Masharti

Hakuna asikilizaye redio asiyeyajua maneno "vigezo na masharti kuzingatiwa". Husemwa mwishoni mwa tangazo, kwa haraka kuliko tangazo lenyewe, na msikilizaji amekwisha kujifunza kwamba maneno hayo hayamhusu. Kutoka katika matangazo yamehamia katika mikataba ya mitandao, na leo twayakuta chini ya kurasa nyingi za Kiswahili. Mahali pengine twakuta "sheria na masharti". Misemo yote miwili ina kasoro, na kasoro zenyewe hazifanani.

Kigezo ni kipimo au kielelezo ambacho kwacho jambo hupimwa. Twasema vigezo vya kuchagua wanafunzi, au vigezo vya kumpata mshindi. Neno hilo lafaa katika bahati nasibu, kwa kuwa huko kuna mtu wa kupimwa. Lakini anayeweka ramani katika tovuti hapimwi na yeyote. Anapewa kitu naye anatoa ahadi. Vigezo vimeingiaje basi? Jibu twaliona katika Kiingereza cha wanasheria, ambacho tangu zamani kina mazoea ya kufunga pamoja maneno mawili yenye maana karibu moja. Mfasiri alipoyaona maneno mawili alijiona ana wajibu wa kutoa mawili. Ilhali Kiswahili kina neno moja linalotosha, nalo ni "masharti". Kuongeza la pili ni kujaza chombo kilichokwisha kujaa.

"Sheria na masharti" ni kasoro nzito zaidi. Ni kweli kwamba Waswahili husema sheria za mpira na sheria za bao, na hatuwezi kulifunga neno hili lisitumike nje ya Bunge. Lakini katika mambo ya mkataba tofauti kati ya sheria na sharti ndiyo jambo lenyewe. Sheria humfunga mtu hata kama hakuitaka, hali sharti la mkataba humfunga kwa kuwa alilikubali. Hapa Tanzania misingi ya makubaliano hayo imo katika Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo yataka mkataba ufanywe kwa ridhaa huru ya wahusika. Anayeambiwa kwamba mbele yake kuna "sheria" hupatwa na moja ya mambo mawili: ama huogopa kifungo pasipokuwa na kifungo, ama husema kwamba sheria za kampuni ya nchi nyingine hazimhusu. Wote wawili wamekosa. Linalowahusu ni jambo jepesi kueleweka na zito kutimiza, nalo lipo katika methali yetu: ahadi ni deni.

Hatusemi kwamba sheria haina nafasi katika ramani. Ramani ni kazi yenye hakimiliki. Mkataba wa Berne wa 1886, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1994, unazitaja ramani waziwazi miongoni mwa kazi zinazolindwa. Nasi tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Adhabu ya kupuuza haki hiyo si ndogo. Mwaka 2001 kampuni ya Automobile Association ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 20 kwa Ordnance Survey, taasisi ya upimaji ramani ya nchi hiyo, baada ya kudaiwa kwamba ramani zake zilinakiliwa. Basi yapo mambo mawili: lile linalokatazwa na sheria hata kama hapana mkataba, na lile linalokatazwa na mkataba hata kama sheria ingeliruhusu. Msemo "sheria na masharti" unayatia yote mawili katika gunia moja na kulifunga mdomo.

Kwa hiyo twapendekeza "masharti ya huduma" peke yake. Neno "huduma" lina kazi yake pia, kwa sababu lamkumbusha msomaji kwamba anachopewa ni kazi inayofanywa na mtu mwingine kila siku, si kitu kilichookotwa njiani. Jambo hili limezidi kuwa na uzito tangu mwaka 2021, sheria zilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Maneno tuliyozoea kuyapuuza redioni yaweza kesho kusomwa mbele ya hakimu.

2. Kupachika, kubandika na kunakili

Mwalimu wetu anaweza kuipata ramani kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuipiga picha kutoka katika kioo cha kompyuta yake na kuiweka picha hiyo katika tovuti. Ya pili ni kuchukua mstari wa maandishi ya programu anaopewa na mwenye ramani na kuuweka katika ukurasa wake. Ya tatu ni kutumia programu yake mwenyewe inayoita vipande vya ramani kutoka katika mashine za mwenye ramani, kipande baada ya kipande. Katika mazungumzo ya kila siku njia zote tatu huitwa "kuweka ramani", na mara nyingine "kupachika", "kubandika" au "kunakili", bila tofauti yoyote.

Masharti hayasemi hivyo. Katika njia ya pili hapana nakala inayobaki kwa mwalimu. Ukurasa wake una kitu kama dirisha, na mgeni anapoufungua, kivinjari chake huenda moja kwa moja kwenye mashine za mwenye ramani, huichukua ramani kama ilivyo siku hiyo, na kuionyesha ndani ya dirisha hilo. Mwenye ramani akibadili jina la barabara asubuhi, jioni badiliko limeonekana katika tovuti ya mwalimu. Google Maps na OpenStreetMap zote mbili hutoa mstari wa namna hii katika sehemu ya kushiriki ramani, na kwa Google Maps mstari huo hauhitaji malipo. Kinachotakiwa ni kwamba dirisha liachwe kama lilivyotolewa: jina la mwenye ramani na maelezo ya hakimiliki yasifutwe wala kufunikwa.

Njia ya kwanza ni jambo jingine kabisa. Picha iliyokamatwa imekatwa kutoka kwa mwenyewe. Haibadiliki tena, na aghalabu imekatwa pamoja na kona yenye jina la mwenye ramani. Huko ni kunakili, na ruhusa ya kupachika si ruhusa ya kunakili. Mwalimu aliyeambiwa "unaruhusiwa kuweka ramani bure" hawezi kuijua tofauti hii, kwa kuwa kitenzi alichopewa hakina tofauti hiyo ndani yake.

Njia ya tatu ina masharti mazito zaidi. Kwa Google Maps, tangu mwaka 2018, anayetaka kuita ramani kwa programu yake hana budi kuwa na ufunguo wa programu na akaunti ya malipo, hata kama matumizi yake ni madogo kiasi cha kutodaiwa kitu. Aidha, haruhusiwi kuzikusanya ramani hizo na kuzihifadhi kwake ili azitumie baadaye.

Bahati nzuri lugha yetu imekwisha kutupa maneno. Kupachika ni kukitia kitu mahali kikakaa huku kikibaki na umbile lake, kama fundi apachikavyo dirisha ukutani. Kubandika ni kukigandisha kitu juu ya kingine, kama tangazo ubaoni. Kunakili kwajulikana. Twapendekeza basi "kupachika" litumike kwa dirisha hai tu. "Kunakili" kwa kuchukua picha ya ramani na kuitenga na mwenyewe. Na "kuita ramani" kwa ile njia ya programu. "Kubandika" libaki kwa mambo ya uhariri wa maandishi, ambako limekwisha kuota mizizi.

Kuna faida ya pili katika kulishika neno "kupachika" kwa maana yake kamili. Dirisha huruhusu kuona pande mbili. Mgeni anapoitazama ramani iliyopachikwa, mwenye ramani naye huipata anwani ya mtandao ya mgeni huyo, ingawa mgeni hakuwa na habari kwamba ametoka katika nyumba ya mwalimu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ni adabu, kama si zaidi ya adabu, kumweleza mgeni kwamba dirisha hilo ni la jirani. Mwenye kufikiri kwamba amebandika picha tu hatakumbuka kamwe kutoa maelezo hayo.

3. Bure na huria

Hapa twafika penye mkorogano mkubwa kuliko yote. OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, na ramani yake huchorwa na watu wa kujitolea duniani kote. Kwa Kiswahili huelezwa mara kwa mara kuwa ni "ramani ya bure". Maelezo haya yana kosa, na kosa hilo hugharimu watu.

Bure ni kitu kisicholipiwa. Huria ni kitu kisichofungwa, ambacho mlango wake u wazi kwa kila atakayefuata utaratibu. Tofauti hii tunayo tayari katika taasisi zetu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kimeitwa huria kwa kuwa kimewafungulia mlango watu ambao hawawezi kuacha kazi zao wakakae bwenini, lakini wanafunzi wake hulipa ada. Hakuna aliyewahi kufika pale akadai kwamba huria maana yake ni bure. Mbona basi katika ramani tunasahau?

Data ya OpenStreetMap, yaani orodha ya barabara, majengo, mito na majina, ni huria: yeyote aweza kuichukua, kuitumia na hata kuiuza, akifuata leseni. Lakini mashine zinazoigeuza data hiyo kuwa picha na kuigawa kwa watu si huria kwa namna hiyo. Mashine hizo huendeshwa na taasisi ya OpenStreetMap Foundation kwa michango, nazo zina masharti yake zenyewe. Hairuhusiwi kupakua ramani kwa wingi, wala kuzikusanya ili zitumiwe bila mtandao. Na anayezielemea mashine aweza kuzuiwa bila kupewa taarifa kwanza.

Sababu yake ni ya hesabu. Ramani hugawanywa katika vigae vya mraba, kila kimoja kwa desturi kikiwa na nukta 256 kwa 256. Dunia nzima ikitazamwa kwa mbali hutosha katika kigae 1. Ukisogea hatua moja vinakuwa 4. Hatua ya pili 16. Na kila hatua huzidisha kwa 4. Katika hatua ya 19, ambapo nyumba moja moja huonekana, dunia nzima ina vigae zaidi ya bilioni 274. Anayeandika programu ya kuchota vigae hivyo kwa maelfu, kwa kuwa aliambiwa ramani ni ya bure, anakunywa maji ya kisima cha kijiji kwa pampu. Hakukusudia ubaya; amefasiriwa vibaya.

Twapendekeza "huria" litumike kwa data na kwa leseni yake, na "bila malipo" litumike kwa huduma, pamoja na kutaja mpaka wake: bila malipo kwa matumizi madogo, au bila malipo kwa kupachika. Neno "bure" lingeachwa kabisa katika mikataba. Lina maana ya pili ya kitu kisicho na thamani, kama tusemapo kazi bure, na maana hiyo hujipenyeza hata pale ambapo mwandishi hakuikaribisha.

4. Kutaja chanzo

Sharti lililo jepesi kutimiza kuliko yote ndilo livunjwalo zaidi: kusema ramani imetoka kwa nani. Kwa Kiswahili tumeona likiitwa "shukrani", "sifa" na "utambuzi". Yote matatu yamepotoka kwa namna moja, kwa kuwa yanalifanya deni kuwa hisani. Shukrani hutolewa na mwenye moyo wa kushukuru. Asiyezitoa ni mkosa adabu tu. Sifa hutolewa na aliyependezwa. Utambuzi hutolewa na mwenye mamlaka kumpa aliye chini yake. Katika leseni hakuna hata kimoja cha hivyo. Kutaja chanzo ndiyo bei ya ramani, na asiyetaja hakulipa.

Leseni ambayo OpenStreetMap imeitumia tangu tarehe 12 Septemba 2012 inaeleza sharti hili kwa kulitazama lengo lake: tangazo liwe la namna ambayo kila anayeiona au kuitumia kazi hiyo atafahamu kwamba yaliyomo yametoka katika kanzidata ile. Hapa ndipo istilahi inapogusa haki. Mkulima wa Kilosa au mama lishe wa Buguruni anayeitazama ramani ya mwalimu, akakuta pembeni herufi ndogo za Kiingereza, amefahamishwa nini? Sharti limetimizwa kwa macho, na halijatimizwa kwa akili.

Watu ambao majina yao hufichwa hivyo si wageni wa mbali. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora ramani ya mtaa wao, ambao ulikuwa karibu mweupe katika ramani zilizokuwapo. Mwaka 2015 ulianza jijini Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria, uliowashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa katika kuchora maeneo yanayopatwa na mafuriko. Walipita mitaani wakiandika mifereji, madaraja na majengo, na kazi yao waliitia katika OpenStreetMap. Mwalimu wetu anapoweka ramani ya bonde la Msimbazi na kuikata ile kona yenye maandishi, huenda anafuta kazi ya wanafunzi waliowahi kuketi darasani mwake. Nao mradi ule ulikwisha kutupa istilahi sahihi katika jina lake: waliita ramani yao huria, hawakuiita ya bure.

Kwa hiyo twapendekeza "kutaja chanzo", na maneno yenyewe chini ya ramani yawe: "Data ya ramani: © wachangiaji wa OpenStreetMap", yakiunganishwa na ukurasa wa hakimiliki wa mradi huo. Jina la mradi lisifasiriwe, kwa kuwa ni jina. Na pale ambapo dirisha lililopachikwa limekuja na maandishi yake ya Kiingereza, maandishi hayo yasiguswe; ya Kiswahili yaongezwe chini yake. Kufasiri si ruhusa ya kufuta.

5. Binafsi

Masharti mengi hutofautisha matumizi ya mtu kwa mambo yake mwenyewe na matumizi ya kibiashara. La kwanza hufasiriwa "matumizi binafsi". Katika Kiswahili cha Tanzania, hata hivyo, neno "binafsi" limechukua njia nyingine. Sekta binafsi ni sekta ya wafanyabiashara. Shule binafsi hutoza ada. Hospitali binafsi hulipiwa. Mwenye duka akisoma kwamba ramani imeruhusiwa kwa matumizi binafsi ana haki ya kufikiri kwamba duka lake, ambalo si la serikali, limeruhusiwa. Neno limegeuka likasema kinyume cha lililokusudiwa.

Hatutegemei kulirudisha neno hili lilikotoka. Lugha haiendeshwi kwa amri. Twapendekeza mfasiri aepuke kifungu chenye utata na aandike "matumizi ya mtu mwenyewe yasiyo ya biashara". Ni maneno mengi kuliko mawili, lakini urefu wenye maana ni bora kuliko ufupi wenye mtego. Kwa tovuti yenyewe, "tovuti ya mtu binafsi" yatosha, maana neno "mtu" huondoa shaka.

6. Zao na chipukizi

Istilahi ya mwisho ni ngumu kidogo, na wanaoihitaji ni wachache, lakini hao wachache ndio wenye kazi kubwa. Leseni ya OpenStreetMap hutofautisha vitu viwili vinavyotokana na kanzidata. Kimoja ni kazi kama picha au ramani iliyochapwa. Kingine ni kanzidata mpya iliyofanywa kwa kuibadili au kuiongeza ile ya awali. Katika Kiswahili vyote viwili huitwa "kazi iliyotokana", na hapo mambo hukwama.

Mwalimu akichapa ramani ya Msimbazi na kuibandika ukutani, anadaiwa kutaja chanzo tu. Lakini akichukua orodha ya madaraja yote kutoka katika kanzidata, akaichanganya na madaraja 20 aliyoyahesabu pamoja na wanafunzi wake, kisha akaitangaza orodha hiyo, anadaiwa zaidi: orodha mpya nayo itolewe kwa leseni ile ile, ili wengine waitumie kama alivyoitumia yeye ya kwanza. Neno moja kwa mambo mawili litamfanya ama aogope kuichapa ramani, ama aifungie orodha ambayo si yake peke yake.

Twapendekeza "zao la kanzidata" kwa ile picha na "kanzidata chipukizi" kwa ile orodha mpya. Zao huliwa likaisha. Chipukizi huota likawa mti, na mti huo ni wa ukoo ule ule. Kama wasomaji wanalo neno lililo bora, tutafurahi kulipokea.

Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba tunajisumbua, kwa kuwa hakuna asomaye masharti. Ni kweli kwamba wengi hawasomi. Lakini mtu hawezi kulaumiwa kwa kutosoma maandishi yasiyosomeka. Tuandike kwanza masharti ambayo mwalimu wa sekondari aweza kuyaelewa kwa dakika chache, ndipo tuwe na haki ya kumuuliza kwa nini hakuyasoma.

Wengine watasema kwamba mikataba mingi ya namna hii huweka wazi kuwa matini ya Kiingereza ndiyo inayotawala pale tafsiri inapotofautiana nayo. Basi tafsiri ina uzito gani? Sisi twaona kwamba kifungu hicho chaongeza wajibu wa mfasiri badala ya kuupunguza. Maana yake ni kwamba kosa la tafsiri halimgharimu aliyeliandika, wala kampuni iliyolichapisha. Linamgharimu msomaji aliyeliamini. Yeye ndiye ramani yake huzimwa usiku, au hudaiwa fedha, au huonekana mbele ya wanafunzi wake kuwa amechukua kisicho chake. Mzigo umewekwa kichwani pa yule asiyejua Kiingereza, na aliyeuweka hapo ni yule anayekijua.

Kwa muhtasari, mapendekezo yetu ni haya: "masharti ya huduma" badala ya "vigezo na masharti" na "sheria na masharti", "kupachika" kwa dirisha hai, "kunakili" kwa picha, na "kuita ramani" kwa programu, "huria" kwa data, na "bila malipo" kwa huduma, "kutaja chanzo" badala ya "shukrani", "matumizi ya mtu mwenyewe yasiyo ya biashara" badala ya "matumizi binafsi", "zao" na "chipukizi" kwa viwili vitokanavyo na kanzidata. Hatudai kwamba maneno haya ndiyo ya mwisho. Twadai tu kwamba tofauti hizi zipo katika mikataba, na kwamba msomaji wa Kiswahili ana haki ya kuziona.

Tunawaomba ndugu zetu wafasiri wayajaribu katika kazi zao, walimu wayajaribu madarasani, na watumishi wa umma wayajaribu katika tovuti za ofisi zao, kisha watuandikie wameona nini.